Swali kabla ya asilimia: maneno ya dodoso yanavyobadili matokeo ya kura za maoni

Mwezi Aprili 1993, siku ambazo Jumba la Makumbusho ya Mauaji ya Halaiki ya Wayahudi lilikuwa likifunguliwa mjini Washington, wananchi wa Marekani walisoma habari iliyowashtua. Utafiti uliofanywa na kampuni ya Roper kwa niaba ya Kamati ya Wayahudi wa Marekani ulionesha kuwa asilimia 22 ya waliohojiwa waliona inawezekana kwamba mauaji hayo hayakutokea kamwe. Wengine asilimia 12 walisema hawajui. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja kati ya watatu hakuwa na uhakika na mojawapo ya matukio ya karne iliyopita yenye ushahidi mwingi kuliko mengine.

Likitafsiriwa kwa Kiswahili, swali waliloulizwa lilikuwa hivi: "Je, unaona inawezekana au unaona haiwezekani kwamba maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe?" Msomaji na alirudie swali hilo polepole. Anayeamini kwamba mauaji yalitokea analazimika kuchagua "haiwezekani", yaani kukanusha sentensi ambayo tayari ni kanushi. Mtu aliyesimama mlangoni mwake, akisikia swali mara moja tu, hana nafasi ya kufanya hesabu hiyo ya ukanushi juu ya ukanushi.

Mwaka 1994 kampuni hiyohiyo ilirudia utafiti kwa maneno mepesi zaidi: je, unaona inawezekana kwamba mauaji hayo hayakutokea, au una hakika kwamba yalitokea? Safari hii asilimia 91 walisema wana hakika yalitokea, asilimia 8 hawakuwa na uhakika, na asilimia 1 tu ndio waliosema inawezekana hayakutokea. Haikuwa imepita hata miaka miwili. Wamarekani hawakuwa wamesoma upya historia katika muda huo. Kilichobadilika ni sentensi moja.

Kabla ya kuendelea ni vyema kufafanua istilahi, kwa kuwa hata jina la jambo hili lina utata katika lugha yetu. Nchini Tanzania maneno "kura ya maoni" hutumika kwa mambo matatu yaliyo tofauti kabisa. Hutumika kwa uamuzi rasmi wa wananchi wote juu ya jambo moja, kama ule wa Zanzibar wa Julai 31, 2010 kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hutumika pia kwa uteuzi wa wagombea ndani ya vyama. Tatu, hutumika kwa utafiti unaohoji watu wachache waliochaguliwa ili kukadiria maoni ya wengi. Makala haya yanazungumzia hiyo maana ya tatu. Anayemuuliza mwananchi kama "amewahi kushiriki kura ya maoni" bila kufafanua maana anayoikusudia atapata majibu ya maswali matatu, kisha atayajumlisha kana kwamba ni ya swali moja.

Utafiti wa maoni unapotangazwa, kwa kawaida huambatana na kiwango cha makosa. Sampuli ya watu 1,200 iliyochaguliwa kwa bahati nasibu huwa na kosa la takriban asilimia 3 juu au chini. Msomaji akiona takwimu hiyo huamini kwamba amekwisha kuonywa vya kutosha. Kumbe kiwango hicho kinapima jambo moja tu, nalo ni kosa linalotokana na kuhoji wachache badala ya wote. Hakipimi athari ya maneno ya swali. Katika kisa cha Roper pengo kati ya swali la kwanza na la pili lilikuwa alama 21 za asilimia, na hakuna ukubwa wa sampuli ambao ungelipunguza. Hata kama wangehojiwa watu milioni moja kwa swali lile la kwanza, kosa lingebaki palepale, ila lingeonekana la kuaminika zaidi.

Njia wanayotumia watafiti kupima athari ya maneno ni rahisi kuieleza. Sampuli hugawanywa nusu mbili kwa bahati nasibu. Nusu moja huulizwa swali kwa maneno fulani, nusu nyingine kwa maneno tofauti, siku zilezile na wadadisi walewale. Tofauti kubwa ikijitokeza, haiwezi kuwa imetokana na watu wala na wakati. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio la namna hii ambalo limekuwa likitajwa hadi leo. Kundi moja liliulizwa kama Marekani iruhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Asilimia 62 walijibu isiruhusu. Kundi la pili liliulizwa kama Marekani izipige marufuku hotuba hizo. Waliosema izipige marufuku walikuwa asilimia 46 tu.

Kimantiki kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo lilelile. Kwa masikio ya binadamu si lilelile. "Marufuku" ni neno zito, lina harufu ya polisi na faini. "Kuruhusu" nalo linasikika kama kubariki. Majaribio yaliyofanywa miaka ya baadaye yalionesha kuwa tofauti hiyo husababishwa zaidi na watu wasio na msimamo thabiti. Mtu wa namna hiyo hujibu "hapana" kwa maswali yote mawili: hapendi kuruhusu, wala hapendi kupiga marufuku. Howard Schuman na Stanley Presser walipolirudia jaribio hilo katika miaka ya 1970, idadi ya wavumilivu ilikuwa imeongezeka, lakini pengo kati ya maswali mawili lilikuwapo bado.

Wakati mwingine kila swali peke yake halina kasoro, na kosa limo katika mpangilio. Mwaka 1948, vita baridi vikianza, Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa habari wa nchi za kikomunisti waruhusiwe kuingia Marekani na kutuma habari kwao kama wanavyoziona. Swali hilo lilipotangulia, asilimia 36 walikubali. Lilipoulizwa baada ya swali jingine, la kama waandishi wa Marekani waruhusiwe kufanya kazi hiyohiyo katika Umoja wa Kisovieti, waliokubali walipanda hadi asilimia 73. Aliyekwisha kudai haki hiyo kwa ajili ya watu wake huona aibu kuwanyima wengine dakika moja baadaye. Ipi basi ilikuwa maoni ya kweli ya Wamarekani, 36 au 73? Kwa maoni ya mwandishi, zote mbili. Moja ilipima hofu, nyingine ilipima haki, na mtu mmoja anaweza kubeba vyote viwili moyoni. Gazeti lililochapisha takwimu moja bila kutaja swali lililotangulia lilikuwa limechapisha nusu ya habari.

Kuna pia maswali yanayobeba habari ndani yake. Januari 2003, miezi miwili kabla ya vita vya Iraki, kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza kama wananchi wanaunga mkono hatua ya kijeshi ya kumwondoa Saddam Hussein madarakani. Asilimia 68 waliunga mkono, 25 walipinga. Swali lilipoongezewa maneno "hata kama itamaanisha askari wa Marekani kuuawa au kujeruhiwa kwa maelfu", waliounga mkono walishuka hadi asilimia 43 na waliopinga wakawa 48. Wengi wakawa wachache kwa kishazi kimoja. Haiwezi kusemwa kwamba swali la kwanza lilikuwa la uongo, wala kwamba la pili lilikuwa la hila. Lakini kiongozi aliyetaka kusema "wananchi wako nasi" alikuwa na takwimu yake, na mpinzani wake naye alikuwa na yake.

Jina peke yake linaweza kutosha. Septemba 2013 kituo cha televisheni cha CNBC kiliwauliza Wamarekani kuhusu sheria ya bima ya afya iliyopitishwa mwaka 2010. Nusu ya wahojiwa walisomewa jina lake rasmi, nusu jina la mitaani lililotokana na jina la Rais Barack Obama. Walioipinga kwa jina rasmi walikuwa asilimia 37. Kwa jina la Rais walikuwa 46. Walioiunga mkono nao waliongezeka, kutoka 22 hadi 29. Jina la mtu liliwaamsha marafiki na mahasimu kwa pamoja, na waliosema hawajui ni sheria gani wakapungua kutoka asilimia 30 hadi 12. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuona jambo hili. Fedha ileile inayokatwa katika muamala wa simu inaweza kuitwa "kodi", "tozo" au "mchango wa maendeleo", na hakuna mtafiti makini atakayetarajia majina hayo matatu yalete jibu moja.

Kiswahili kina mitego yake ambayo vitabu vya Marekani haviitaji. Wa kwanza ni namna tunavyojibu swali kanushi. Mama akimuuliza mtoto "Hujala?", mtoto akajibu "Ndiyo", maana yake ni "Ndiyo, sijala": neno "ndiyo" huthibitisha kauli iliyosemwa. Lakini wapo wazungumzaji, hasa waliozoea Kiingereza kazini na shuleni, ambao "ndiyo" yao huthibitisha tendo, yaani "nimekula". Sasa mdadisi akiuliza "Je, hukubaliani na pendekezo hili?" na mhojiwa akajibu "Ndiyo", karani wa takwimu ataweka alama wapi? Wawili wenye maoni yanayopingana watakuwa wametoa jibu moja. Dodoso la Kiswahili halina sababu ya kuwa na swali kanushi hata moja.

Mtego wa pili ni adabu. Ukimuuliza mtu "Habari za nyumbani?" atajibu "Nzuri", kisha baada ya kukaa na kunywa maji ndipo atakapokueleza kwamba mtoto amelazwa hospitali. "Nzuri" ile si uongo; ni mlango wa mazungumzo. Dodoso linaloanza na "Unaonaje hali ya uchumi wa nchi, ni nzuri au si nzuri?" linaligonga jibu la salamu kabla ya kufika kwenye jibu la maoni. Mdadisi ni mgeni, tena mara nyingi ni kijana aliyetoka kuamkia "shikamoo", na mgeni hapewi lawama mlangoni. Watafiti wazoefu huanza na maswali ya mambo yanayohesabika: katika mwezi uliopita kaya ilikosa maji mara ngapi, ilikosa fedha za dawa mara ngapi. Tathmini ya jumla huja baadaye.

Zaidi ya hapo kuna tatizo la kiunganishi "na". "Je, umeridhishwa na huduma za maji na umeme?" ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Aliyepata umeme lakini anachota maji kisimani hana jibu la kutoa. Maneno mapana nayo ni hivyohivyo: "serikali" kwa mwanakijiji inaweza kuwa ofisa mtendaji wa kijiji, halmashauri, au Dodoma.

Hapa panafaa kukumbuka kisa cha nyumbani, ingawa hakikuwa utafiti wa sampuli bali ukusanyaji wa maoni ya hadhara. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliteua tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi kama Tanzania iendelee na mfumo wa chama kimoja au iingie katika vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja, na takriban asilimia 20 walitaka vyama vingi. Takwimu hizo hutajwa mara kwa mara, na wengi hushangaa kwamba tume ilipendekeza vyama vingi, vikaruhusiwa kisheria mwaka 1992. Kinachotajwa mara chache ni kwamba wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka pia mfumo huo ufanyiwe marekebisho. Ukiuliza "kimoja au vingi?" unapata mgawanyo mmoja, ukiuliza "mambo yabaki kama yalivyo au yabadilike?" unapata mgawanyo mwingine kutoka kwa watu walewale. Tume iliyasikiliza maelezo, haikuhesabu mikono peke yake. Sababu zake zilikuwa zaidi ya hiyo, lakini asilimia 80 ile ikisomwa bila swali lake haimwelezi msomaji nchi ilikuwa inafikiri nini.

Jambo jingine linalopuuzwa ni haki ya mhojiwa kutokuwa na maoni. Watafiti waliofanya kazi mjini Cincinnati, George Bishop na wenzake, waliwahi kuwauliza wakazi kuhusu "Sheria ya Masuala ya Umma ya mwaka 1975". Karibu theluthi moja walisema wanaiunga mkono au wanaipinga. Sheria hiyo haikuwahi kuwapo. Ilibuniwa na watafiti wenyewe. Waliojibu hawakuwa waongo. Waliulizwa kwa heshima na mtu aliyeonekana kujua, wakakisia kutokana na jina. Swali linalotanguliwa na maneno "wapo waliokwisha kulifikiria jambo hili na wapo ambao hawajapata nafasi" huwapunguza wakisiaji wa namna hiyo, na asilimia inayobaki huwa ndogo lakini ya kweli zaidi.

Orodha ya majibu nayo huongoza. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008, Pew ilikiuliza kikundi kimoja cha wapigakura ni suala gani lililowaongoza zaidi, ikiwasomea masuala matano wachague. Asilimia 58 walichagua uchumi. Kikundi kingine kiliachwa kitaje chenyewe bila orodha, na waliotaja uchumi wakawa asilimia 35. Katika kundi hilo la pili asilimia 43 walitaja mambo ambayo hayakuwamo kabisa katika orodha ya watafiti.

Haya yote hayana maana kwamba utafiti wa maoni ni bure. Swali la "kama uchaguzi ungefanyika leo ungempigia nani kura?" huyumba kidogo kuliko mengine, kwa sababu mpigakura amekwisha kuamua au anajua kwamba hajaamua. Maneno huwa na nguvu zaidi pale ambapo jambo ni geni, ni la kitaalamu, au linamvuta mtu pande mbili. Zipo pia njia za kupunguza madhara. Afrobarometer, mtandao wa tafiti ulioanza mwaka 1999 na unaohoji wananchi katika nchi nyingi za Afrika zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, hutumia mara nyingi kauli mbili zinazokabiliana badala ya kumuuliza mtu kama anakubali. Mhojiwa husomewa, kwa mfano, kwamba serikali ni kama mzazi anayepaswa kuamua lililo jema kwa wananchi, au kwamba serikali ni kama mwajiriwa na wananchi ndio waajiri; kisha huchagua iliyo karibu na maoni yake. Mwenye adabu ya kukubali kila jambo hana pa kukubalia, kwa kuwa pande zote mbili zimewekwa mezani. Madodoso hayo hutafsiriwa katika lugha za wahojiwa, na mwishoni mhojiwa huulizwa anadhani ni nani aliyemtuma mdadisi. Jibu la swali hilo la mwisho humsaidia mchambuzi kujua majibu yaliyotangulia yalitolewa kwa nani: kwa mtafiti, au kwa mtu aliyedhaniwa kuwa ametumwa na serikali.

Katika kura halisi, ambako hakuna sampuli wala wadadisi, baadhi ya nchi zimelichukulia suala hili kwa uzito wa kisheria. Serikali ya Scotland ilipopendekeza swali la kujitenga na Uingereza, lilianza na maneno "Je, unakubali kwamba…". Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ililijaribu swali hilo kwa wananchi, na Januari 2013 ikashauri maneno hayo yaondolewe kwa kuwa yanamsukuma mtu kuelekea "ndiyo". Yakaondolewa. Mwaka 2015 tume hiyohiyo ilishauri pia kubadilisha swali la uanachama wa Umoja wa Ulaya, lililokuwa linataja kubaki peke yake, ili litaje kubaki na kuondoka kwa usawa. Serikali ikakubali, na karatasi ya Juni 2016 haikuwa na "ndiyo" wala "hapana".

Kwa tafiti za kawaida, nyenzo kubwa ni uwazi. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayosimamia uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi, ambayo pia inazuia kutangaza matokeo katika siku tano za mwisho kabla ya kupiga kura. Sheria ya uchaguzi ya Kanada inamtaka anayetangaza utafiti kipindi cha kampeni aeleze mdhamini, mwendeshaji, tarehe na idadi ya waliohojiwa, na kwa uchapishaji wa maandishi atoe pia maneno ya maswali. Baraza la kampuni za utafiti wa maoni la Uingereza, lililoundwa mwaka 2004, linazitaka kampuni wanachama kuweka hadharani maswali kamili pamoja na majedwali ya majibu.

Kwa msomaji wa Kiswahili liko sharti moja zaidi la kudai, nalo ni lugha. Ripoti inapochapisha swali kwa Kiingereza ilhali wahojiwa waliulizwa kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kupitia kwa mdadisi aliyetafsiri papo hapo, swali lenyewe bado halijachapishwa.